Barabara ya Mfalme na Geti Tulilolijenga Sisi

Kila inapofika tarehe 31 Oktoba, au Jumapili iliyo karibu nayo, sisi Walutheri tunasimulia hadithi ileile. Yupo mtawa mnene mwenye sanduku la fedha, jina lake Johann Tetzel. Yupo mtawa mwingine, mwembamba, mwenye nyundo na karatasi, jina lake Martin Luther. Wa kwanza anauza msamaha. Wa pili anagongomea hoja 95 kwenye mlango wa kanisa la Wittenberg (kama kweli alishika nyundo, wanahistoria bado wanabishana), na kwaya inaimba. Watoto wa Shule ya Jumapili wanaigiza, na anayepewa sehemu ya Tetzel hufungwa mto tumboni. Tunacheka, tunatoa sadaka, tunarudi nyumbani tukiwa na hakika kwamba ugonjwa ule ulikuwa wa watu wengine na kwamba uliponywa mwaka 1517.

Sisi wachungaji tumeihubiri hadithi hiyo miaka mingi, na sasa tunataka kuipinga. Si kwamba ni ya uongo. Kasoro yake ni kwamba imeiacha nje barabara. Sanduku la Tetzel halikushuka kutoka angani. Lilipita katika njia zilizokwisha kukanyagwa kwa mamia ya miaka, njia zenye masoko, nyumba za wageni na mageti ya ushuru, na zilizokuwa na watu wa Mungu na watu wa fedha wakitembea bega kwa bega. Mtu akiijua historia ya njia hizo ataona jinsi kanisa linavyoweza kufika mahali pa kuuza kisichouzwa, bila hata mmoja wa viongozi wake kuamka asubuhi akiwa na nia mbaya. Kisha ataona jambo lingine, ambalo ndilo lililotusukuma kuandika.

Tuchukue barabara moja tu. Kwa Kilatini iliitwa Via Regia, maana yake Barabara ya Mfalme. Msomaji wa Biblia atakumbuka Hesabu 20, pale Musa anapowatuma wajumbe kwa mfalme wa Edomu kuomba ruhusa ya kupita katika njia kuu ya mfalme, na Waisraeli wanaahidi kulipia hata maji watakayokunywa wao na mifugo yao. Edomu anakataa. Tangu zamani, basi, njia za wafalme zilikuwa na mambo mawili: ruhusa na malipo.

Ndivyo ilivyokuwa Ulaya. Jina la Barabara ya Mfalme linaonekana katika hati ya mwaka 1252 ya Heinrich, mtawala wa Meissen, ingawa njia yenyewe ni ya kale kuliko hati hiyo. Ilitoka upande wa mto Rhine, kutoka Frankfurt, ikapita Eisenach, Erfurt, Leipzig, Bautzen na Görlitz, ikaingia nchi ambayo leo ni Poland mpaka Wrocław na Kraków. Upande wa magharibi iliungana na njia za kwenda Flanders, na aliyetaka kwenda mbali zaidi aliweza kutembea mpaka Hispania, kwenye kaburi linaloaminika kuwa la Mtume Yakobo huko Santiago de Compostela. Iliitwa ya mfalme kwa sababu aliyemshambulia msafiri juu yake alihesabiwa kuwa amevunja amani ya mfalme mwenyewe.

Mikokoteni iliyotoka magharibi ilileta nguo za sufu za Flanders. Iliyotoka mashariki ilileta ngozi zenye manyoya, nta na asali. Katikati, katika nchi ya Thuringia, wakulima walilima mmea uitwao woad, ambao majani yake hutoa rangi ya buluu ya kutia nguo. Majani hayo yaliutajirisha mji wa Erfurt kiasi cha kuwa na chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1392, na mwaka 1501 akaandikishwa hapo kijana mmoja kutoka Mansfeld, mwana wa mtu wa machimbo ya shaba. Luther wetu, kwa maneno mengine, alisoma katika chuo kilichosimama juu ya faida ya rangi ya nguo. Na ile nta ya mashariki, sehemu yake kubwa iliishia wapi? Kwenye mishumaa ya madhabahuni.

Mjini Erfurt pia kuna daraja la mawe lililokamilika mwaka 1325 juu ya mto Gera, lenye nyumba na maduka pande zote mbili, nalo lingali lipo. Zamani lilikuwa na kanisa kila mwisho wake. Msafiri aliyetoka mashariki alipita chini ya kanisa, akatembea katikati ya wauza viungo na vitambaa, kisha akatokea kwenye kanisa la pili. Moja ya makanisa hayo limebaki. Hatujui picha nyingine inayoeleza vizuri zaidi jinsi watu wa wakati ule walivyoishi: duka na madhabahu juu ya daraja moja, maji yakipita chini.

Usalama ulikuwa na bei. Kulikuwa na ushuru wa daraja, ushuru wa lango la mji, na ada ya kusindikizwa na askari. Mwaka 1240 Kaisari Friedrich wa Pili aliwapa ulinzi wake watu wote waliokuwa wakienda kwenye soko kuu la Frankfurt. Mwaka 1346 miji sita ya eneo la Lusatia, Görlitz na Bautzen ikiwamo, ilifunga mapatano ya kupambana na wanyang'anyi wa barabarani. Leipzig, mahali ambapo Barabara ya Mfalme ilipishana na njia nyingine kuu iliyoelekea kusini mpaka Roma, ilipata haki za masoko yake kutoka kwa Kaisari Maximilian mwaka 1497 na tena 1507. Na kulikuwa na sheria moja ambayo tunaomba msomaji aikumbuke, maana tutairudia: mfanyabiashara alilazimishwa kupita barabara hiyo. Hata kama aliijua njia ya mkato iliyo fupi na nzuri, alitakiwa kupita katika miji yenye mageti. Akikamatwa kwenye njia ya pembeni aliweza kunyang'anywa mzigo.

Mahujaji waliingia katika barabara hii kwa sababu hawakuwa na nyingine. Penye wafanyabiashara pana daraja, pana chakula na watu wa kuandamana nao msituni. Hujaji alibeba fimbo, mfuko na kikombe, na akirudi kutoka Santiago alivaa gamba la chaza kwenye kofia. Alilala katika nyumba za kupokea wageni na wagonjwa zilizojengwa na watu wenye huruma. Juu ya Eisenach, katika ngome ya Wartburg, aliishi Elisabeth wa Thuringia, aliyejenga hospitali ya maskini chini ya ngome hiyo na nyingine huko Marburg, akafa mwaka 1231 akiwa kijana wa miaka 24. Hatuna neno baya juu ya njia iliyompitisha Elisabeth.

Lakini barabara hiyohiyo ilimpitisha Georg Emmerich. Huyu alikuwa tajiri wa Görlitz. Inasimuliwa kwamba alimpa mimba binti wa jirani yake, jina lake Benigna Horschel, akakataa kumwoa. Familia mbili zikagombana, mji ukanung'unika. Mwaka 1465 Emmerich akafunga safari mpaka Yerusalemu kutafuta ondoleo la dhambi. Akarudi akiwa na cheo cha heshima cha Kaburi Takatifu. Baadaye akawa meya. Nje ya mji likajengwa kaburi la mfano wa lile la Bwana huko Yerusalemu, pamoja na kanisa lake, likamalizika mwaka 1504, na watu wasioweza kufika Yerusalemu wakawa wanahiji hapo. Bado lipo, na ni zuri. Benigna hakuolewa na Emmerich. Mtu huyu alivuka milima na bahari ili asitembee hatua chache mpaka mlangoni kwa jirani.

Hapa ndipo baadhi ya wahubiri wetu hufupisha mambo wakisema: mnaona, biashara iliingia kanisani, kanisa likaoza. Tunakataa. Lidia wa Matendo 16 alikuwa mfanyabiashara wa nguo za zambarau, na nyumba yake ikawa nyumba ya kanisa. Paulo alishona mahema akauza. Mhubiri anayesema biashara ni uchafu anawatukana mama wauza nyanya, samaki na mitumba waliojaa kwenye mabenchi yetu, ambao bila wao hata kipaza sauti anachotumia kuwatukania kisingenunuliwa. Kosa halikuwa mfanyabiashara kutembea na hujaji. Kosa lilikuja siku kile hujaji alichokuwa anakitafuta kilipowekwa kwenye mizani ya mfanyabiashara. Na siku hiyo haikufika kwa kishindo. Ilifika kwa hatua ndogondogo, na kila hatua, tafadhali msomaji lione hili, ilichukuliwa kwa huruma.

Mwanzoni mtu aliungama, akapewa kitubio, na kitubio cha dhambi kubwa kiliweza kuwa safari ya hija. Mwaka 1300 Papa Bonifasi wa Nane alitangaza Yubile: atakayefika Roma na kuzuru makanisa yake kwa toba atapata rehema kamili. Watu wakajaa barabarani. Lakini mgonjwa je? Mzee je? Mama mwenye watoto wachanga je? Si haki wakose kwa sababu miguu haina nguvu. Basi mwishoni mwa karne ya 14, wakati wa Papa Bonifasi wa Tisa, watu wa sehemu mbalimbali za Ulaya waliruhusiwa kupata rehema ya Yubile bila kwenda Roma, mradi watoe kiasi ambacho safari ingewagharimu. Nauli ikachukua nafasi ya safari. Kisha mtu akauliza: na marehemu je? Wao ndio hawawezi kabisa kutembea. Mwaka 1476 Papa Sixtus wa Nne akaruhusu rehema hizo zielekezwe kwa roho zilizoko toharani, ndugu walio hai wakitoa kwa niaba yao.

Ndipo hati ya Tetzel ilipotoka. Ile karatasi ilikuwa hija iliyobadilishwa kuwa nauli yake. Kufikia mwaka 1517 mahesabu yalikuwa yamekomaa: Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz alikuwa na deni kubwa kwa benki ya akina Fugger kwa ajili ya kupata kiti chake, kwa hiyo nusu ya mapato ililipa deni, nusu nyingine ilikwenda Roma kujenga kanisa la Mtakatifu Petro. Wakala wa benki alikuwa karibu na sanduku. Viwango viliandikwa: wafalme na maaskofu gulden 25 za dhahabu, na kushuka chini kulingana na hali ya mtu. Na asiye na kitu? Maagizo ya Albrecht yalisema asali na kufunga, kwa maana ufalme wa mbinguni haupaswi kufungwa kwa maskini. Msomaji akiweke akilini kifungu hicho pia.

Tena tusijidanganye kwamba upande wetu ulikuwa msafi. Friedrich Mwenye Hekima, mtawala wa Saksonia aliyemlinda Luther, ambaye tunamsifu kila mwaka, alikuwa amehiji Yerusalemu mwaka 1493, akakusanya Wittenberg masalia ya watakatifu ambayo mwishowe yalizidi vipande 18,000. Waliokuja kuyaona na kutoa walihesabiwa rehema za miaka isiyohesabika. Alimzuia Tetzel asiingie katika nchi yake, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba hakutaka fedha za watu wake ziende kwa mshindani. Na huko Torgau lilijengwa daraja juu ya mto Elbe kwa msaada wa fedha za vibali kama hivyo: mtu alitoa kidogo akaruhusiwa kula siagi siku za mfungo. Daraja lilikuwa la kweli. Mikokoteni ilipita. Nasi tunalitaja kwa sababu kila tunapozungumza habari hizi na wazee wa kanisa, mmoja wao huinua mkono na kusema: "Mchungaji, lakini fedha ile si ilijenga?" Ndiyo, ilijenga.

Luther aliijua barabara kwa nyayo zake. Kati ya mwaka 1510 na 1512 alitembea mpaka Roma kwa shughuli za shirika lake la watawa, akapanda ngazi takatifu kwa magoti akimwombea babu yake, na alipofika juu akajiuliza kama mambo haya ni ya kweli. Mwaka 1520, katika andiko lake kwa watawala wa Kikristo wa Ujerumani, aliandika juu ya mtu anayetumia gulden 50 au 100 kuhiji Roma, jambo ambalo hakuna aliyemwagiza, huku mke, watoto au jirani wakiteseka nyumbani. Ni kama alikuwa anamwona Emmerich.

Lakini hakuifunga barabara. Aprili 1521 aliitwa kujieleza mbele ya Kaisari huko Worms, akasafiri kwa gari la farasi lililotolewa na baraza la mji wa Wittenberg. Alipita wapi? Leipzig, Erfurt, Eisenach, Frankfurt. Ni Barabara ya Mfalme ileile, safari hii ikielekezwa magharibi na mtu asiye na kitu cha kuuza. Tarehe 7 Aprili alihubiri Erfurt katika kanisa la watawa wenzake, na watu walijaa mpaka mahali pakawa padogo. Aliporudi alikamatwa njiani na marafiki waliojifanya wanyang'anyi, akafichwa Wartburg, na huko akatafsiri Agano Jipya. Lilipigwa chapa Septemba 1522, likiwahi soko kuu la Leipzig. Liliuzwa, kwa bei, na si bei ndogo. Karatasi iliuzwa, wino na kazi ya mchapaji viliuzwa. Msamaha uliosimuliwa ndani yake haukuuzwa, na kila aliyenunua angeweza kumsomea jirani asiye na senti.

Kutoka Leipzig hiyohiyo ndipo walipotoka wamisionari walioleta habari hizi Kilimanjaro. Chama cha Misioni cha Leipzig kilikuwa na makao katika mji huo tangu 1848, na mwaka 1893 watu wake walifika Machame kutoka pwani kwa njia za misafara, njia ambazo miaka michache tu kabla zilipitisha pembe za ndovu na watumwa. Sisi nasi, basi, ni kanisa lililofika kwa barabara ya biashara, na biashara chafu kuliko ile ya woad. Hatuna sababu ya kuona haya kwa hilo. Tuna sababu ya kuona haya kwa lingine.

Tunapenda sana kuwanyooshea kidole manabii wa mafuta na maji ya upako, wanaouza chupa kwa bei ya gunia la mahindi. Tunawahubiri vikali. Mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa dawa ya mchungaji mstaafu wa kanisa letu wenyewe, wengi wetu tulikaa kimya au tulipanda magari pamoja nao. Kikombe kilikuwa shilingi 500 tu. Nauli ndiyo iliyouza ng'ombe za watu. Lakini hata hilo tuliache. Zito zaidi lipo karibu, ndani ya kabati la ofisi ya usharika.

Tulipokuwa tungali wapya katika kazi, alifariki baba mmoja, mkulima. Watoto wake walikuja ofisini asubuhi kutoa taarifa ya msiba. Katika fomu, baada ya jina la marehemu na tarehe ya ubatizo, kulikuwa na nafasi ya namba ya bahasha. Mhazini akafungua kitabu. Miaka mitatu na zaidi bila alama. Alikuwa ameugua, shamba lilikuwa limelimwa na mke peke yake, lakini hilo halikuandikwa kitabuni. Mzee mmoja akasema neno ambalo halijatutoka masikioni: marehemu hakuwa msharika hai. Hakuna aliyecheka. Ikaamuliwa kwamba jeneza lisiingie kanisani, kengele isigongwe, mpaka deni litakapokamilishwa, ili iwe fundisho kwa wengine.

Waombolezaji wakatandaza kanga uani. Waliokuja na rambirambi ya kumnunulia mjane sukari wakaitupa hapo. Zikafika shilingi 63,000. Kijana mkubwa akazileta ofisini akiwa amezifunga kwenye leso, mhazini akazihesabu mara mbili, akakata risiti. Risiti iliandikwa kwa jina la marehemu. Ndipo kengele ikagongwa. Na sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa chumba cha pili, tumekwisha kuvaa kanzu na stola, tukisubiri. Tulisubiri ile risiti. Kisha tukaenda kaburini tukahubiri juu ya neema.

Rudi sasa kwenye kile kifungu cha Albrecht. Tetzel, yule tunayemfunga mto tumboni, alikuwa na maagizo ya kumhudumia asiye na kitu. Sisi siku ile hatukuwa nayo.

Wala hatukufika pale kwa uovu. Bahasha ilianzishwa kwa huruma, ili maskini atoe kidogo bila kuonwa na tajiri. Namba iliwekwa ili fedha zisipotee mikononi mwa wahesabuji, nalo ni jambo la haki. Kadi ilikuja ili mchungaji ajue nani amepoa, akamtembelee. Orodha ikabandikwa ukutani ili kutia moyo. Kila hatua ina sababu njema, kama zile za kutoka Bonifasi mpaka Sixtus, na mwisho wake jeneza limesimama nje kwenye jua. Na wanajua watu kwamba hakuna njia ya pembeni: makaburi ya usharika yana geti, ubatizo wa mtoto una geti, ndoa ina geti, na anayejaribu kumwita mwinjilisti wa kanisa lingine anatengwa na ukoo. Ni ile sheria ya kulazimishwa kupita kwenye mji wenye ushuru.

Tutaambiwa kwamba kanisa haliendeshwi kwa hewa. Wainjilisti wanalipwa posho isiyotosha hata sabuni, paa linavuja, na wapo wenye magari wanaotoa sarafu. Yote ni kweli, na tuko tayari kusema kwa ukali kuliko sasa juu ya wenye magari. Tutasimama madhabahuni tuombe sadaka, tutakwenda nyumba kwa nyumba, mnada wa kuku na ndizi baada ya ibada uendelee na bei ipande. Kuku ni kuku, auzwe. Tutaambiwa pia kwamba hii ni nidhamu tu, wala hatuuzi mazishi. Mjane aliyeona kengele ikigongwa baada ya fedha kuhesabiwa hahitaji theolojia ili aelewe alichokiona. Simoni wa Samaria naye hakudhani kwamba anafanya kosa. Aliona kitu cha Mungu, akauliza bei.

Kwa hiyo tunawaomba washarika wanaosoma haya wafanye jambo ambalo sisi wachungaji tumelichelewesha. Nendeni ofisini mkaombe kuiona fomu ya taarifa ya msiba, na ile ya ubatizo. Mkikuta nafasi ya namba ya bahasha, ulizeni iliwekwa lini na kikao gani. Mkiambiwa ni utaratibu, ombeni utaratibu huo usomwe kwa sauti Jumapili, kabla ya injili. Mkiambiwa hamna adabu, vumilieni.

Sisi tumeanza na deni letu. Tumeandika barua kwa baraza la wazee wa usharika ule, ambao hatuutumikii tena, tukiomba namba ya bahasha ifutwe kwenye fomu na shilingi 63,000 zirudishwe kwa mjane, ambaye bado yu hai na bado analima peke yake. Wiki iliyopita mhazini wa sasa, kijana ambaye mambo hayo yalipotokea alikuwa shule ya msingi, alitupigia simu. Hakubisha. Alitaka kujua tu fedha hizo azitoe katika fungu gani, maana kitabu hakina fungu la namna hiyo. Tumemwambia afungue ukurasa mpya, aandike juu yake "Marejesho".